Statapu za Congo: sheria ipo, mteja yuko wapi?

Tarehe 8 Septemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi ordonansi-sheria namba 22/030 kuhusu kukuza ujasiriamali na statapu. Miezi sita baadaye, tarehe 13 Machi 2023, ikafuata ordonansi-sheria namba 23/010, ile inayojulikana kama Code du numérique. Kwa upande wa karatasi, basi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haiko nyuma. Nigeria, ambayo kila mtu anaitaja kuwa mfano, ilipata sheria yake ya statapu Oktoba 2022, mwezi mmoja baada yetu.

Lakini kijana anayeandika programu Goma, Bukavu, Bunia ama Butembo hakosi sheria. Anakosa mtu wa kumlipa. Uchambuzi huu unaangalia jambo hilo moja, kwa sababu katika mikutano mingi kuhusu «kuinua vijana wa teknolojia» ndilo linalosahauliwa.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Statapu si kila biashara mpya. Mama anayefungua meza ya vitenge soko la Virunga ameanzisha biashara, na hesabu yake inajulikana tangu siku ya kwanza: bei ya kununua, bei ya kuuza, kodi ya meza. Statapu ni kampuni changa inayotafuta njia mpya ya kutoa huduma, mara nyingi kupitia simu, na inayotumaini kutoka wateja 10 hadi 10,000 bila kuajiri watu elfu moja. Ndiyo maana benki inaiogopa. Haina nyumba wala kiwanja cha kuweka rehani, na yenyewe bado haijui kama wazo lake litashika.

Serikali inalijua tatizo hilo, na tusiseme kwamba haikufanya kitu. Iko ANADEC, ofisi ya kuendeleza wajasiriamali wa Congo. Uko mfuko wa dhamana, FOGEC. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 100 kwa mradi wa PADMPME, na Goma ilikuwa kati ya miji iliyochaguliwa; halafu ukaja mradi wa TRANSFORME wenye dola milioni 300. Pesa hizo zilileta mafunzo na, zaidi ya yote, mashindano ya mipango ya biashara. Picha tunazizoea: hundi kubwa ya karatasi ngumu, waziri katikati, vijana watatu wenye tisheti za rangi moja. Shindano linatoa mshindi. Mteja halimtoi.

Hesabu ya shule 17

Tufanye hesabu ya mfano, namba ni za kukadiria tu. Vijana watatu wa kartie Himbi, Goma, wanatengeneza programu ya kusimamia malipo ya shule: mzazi analipa kwa simu, prefe anaona nani amelipa na nani bado, risiti haipotei. Wanaomba dola moja kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya wanafunzi 400 inawapa dola 400.

Kila mmoja akitaka kuishi kwa dola 150 kwa mwezi, ambayo si maisha ya kujivunia, hiyo ni dola 5,400 kwa mwaka. Ongeza dola 100 kila mwezi za intaneti, umeme na seva, na jumla inafika 6,600. Kwa hiyo wanahitaji shule 17, zote zikilipa, zote zikilipa kwa wakati, kabla ya kununua hata kompyuta moja mpya.

Sasa tuseme wameshinda zawadi ya dola 5,000. Kwa matumizi ya dola 550 kwa mwezi, zawadi inakwisha katika mwezi wa kumi. Shule, kwa upande wake, haibadilishi namna ya kupokea malipo katikati ya mwaka. Mkuu wa shule atasema: tutaona mwaka ujao. Zawadi imekufa kabla ya mteja wa kwanza kufungua mfuko. Vijana wanarudi kutengeneza tovuti za mashirika yasiyo ya kiserikali, mmoja anavuka kwenda Kigali ama Kampala, na shindano linalofuata linatafuta washindi wapya.

Hiyo haitokani na uvivu wao, wala na ukosefu wa akili. Wazo linaweza kuwa zuri na bado likafa kwa sababu mwendo wa pesa za zawadi na mwendo wa soko havilingani. Mwenye kutaka kuwasaidia kweli angesaini nao mkataba wa shule 20 kwa miaka miwili, hata kwa bei ndogo. Na mkataba huo ndio karatasi ambayo mtu mwenye pesa anaweza kuisoma na kuamini.

Mlango wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money

Programu hiyo ya shule haiwezi kuishi bila kitu kimoja: uwezo wa kupokea pesa kutoka kwenye simu ya mzazi. Kwetu wazazi wengi hawana akaunti ya benki. Wako na M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, na kabini iko kila kona. Kwa hiyo statapu yoyote ya Congo inayotaka kulipwa na mtu wa kawaida, hata kama inauza dawa, tiketi za boti za Ziwa Kivu ama mbegu, itabisha hodi kwenye mlango wa makampuni ya simu.

Kubisha hodi huko ni safari. Kampuni changa lazima iwe na RCCM, kitambulisho cha taifa na namba ya kodi. Halafu inazungumza na kila kampuni ya simu peke yake, mikataba mitatu, masharti matatu. Kampuni ya watu watatu haina uzito mbele ya kampuni yenye mamilioni ya wateja, na inakubali bei inayopewa. Kama kwa kila dola inayopita mkononi mwake sehemu kubwa inabaki kwa mwenye mtandao, hesabu ya shule 17 inageuka kuwa shule 25 ama 30.

Nairobi walipitia huko. Mwaka wa 2017 Safaricom ilifungua mfumo ambao iliupa jina la Kiswahili, Daraja. Mwandishi wa programu anajiandikisha mtandaoni, anajaribu kuunganisha kazi yake na M-Pesa bila kulipa, na anajua masharti kabla ya kuanza. Daraja halikufanya kila mtu tajiri. Liliondoa tu ile miezi ya kungojea kwenye kiti cha mapokezi. Kwetu, Benki Kuu ya Congo na ARPTC ziko na mamlaka ya kutosha kuwaambia watoa huduma wa pesa za simu: wekeni wazi bei na masharti ya kujiunga, yawe sawa kwa mkubwa na mdogo. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji hata dola moja ya Benki ya Dunia.

Hapa kumbukumbu ya RAM inafaa. Mwaka wa 2020 serikali ilianzisha rejista ya simu za mkononi, na mwenye simu akaanza kukatwa unite: dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo, dola saba kwa simu ya 3G ama 4G, kwa vipande vipande. Wakaaji walilalamika, wabunge wakapiga kelele, na mwanzoni mwa 2022 jambo hilo likaondolewa. Kwa statapu somo lilikuwa zito. Simu ya 4G ndiyo chombo ambacho mteja wake anakihitaji, na ndiyo iliyokatwa zaidi. Miaka miwili kabla ya hapo, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kwa karibu siku 20. Hakuna labeli ya statapu inayoweza kuvumilia siku 20 bila mteja hata mmoja kuingia.

Kivu: benki zimefunga, karatasi zinagongana

Yote hayo yalikuwa magumu wakati wa amani ya wastani. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, ugumu umebadilika sura.

Benki za biashara za Goma zilifunga milango mwezi ule wa Januari. Mwezi wa Aprili AFC/M23 ilifungua CADECO, lakini mfumo wa kawaida wa benki haukurudi kwa hilo. Wakaaji walibaki na simu. Pesa za mishahara, za familia zilizo Kinshasa ama Ulaya, za biashara, zote zikapita kwenye kabini, na kwa sababu noti zilikuwa haba, wengine wakaanza kukata zaidi ya bei ya kawaida ili kutoa pesa mkononi. Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa.

Kwa statapu maana yake ni hii. Seva inalipwa kwa dola na kwa kadi. Kuweka programu kwenye duka la Google kunaomba dola 25 mara moja. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Si pesa nyingi, lakini zinaomba kadi inayofanya kazi, na kadi inaomba benki iliyo wazi. Kijana anamtafuta rafiki Kigali ama Nairobi amlipie. Siku ambayo rafiki huyo amekasirika, ama amehama, programu ya kampuni nzima imefungwa kwa jina la mtu mwingine.

Halafu kuna suala la karatasi, na hapa ndipo neno «taifa» katika «statapu za taifa» linapouma. Ordonansi ya 2022 inaahidi labeli na punguzo la kodi kwa kampuni inayotimiza masharti. Labeli inatolewa na serikali ya Kinshasa. Kampuni iliyo Goma inaishi chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui, na utawala huo nao unadai kodi zake. Kijana akilipa huku, stakabadhi yake haina thamani kule. Akitaka kubaki safi mbele ya Kinshasa, bado atalala Goma usiku huu. Uwanja wa ndege umefungwa, kwa hiyo hata kwenda kutetea wazo lake mbele ya majaji Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kunamlazimisha kupitia nchi za jirani.

Kinshasa inaweza kusema kwamba vita ndivyo vyenye kosa, na ni kweli. Lakini iko njia ambayo haingojei amani: kampuni zilizoandikishwa kabla ya Januari 2025 ziendelee kutambuliwa, maombi ya labeli yapokelewe mtandaoni, na mashindano yenye pesa za umma yakubali mtu kujitetea kwa video. Kama sheria ya teknolojia inamlazimisha mtu kupanda ndege ili aonyeshe programu ya simu, basi imeandikwa kwa ajili ya wakaaji wa Gombe.

Nani amewahi kufanikiwa?

Swali hilo tunaulizwa mara nyingi. Mfano mkubwa wa mashariki ni Nuru. Ilizaliwa kwa jina la Kivu Green Energy, ikaanzishwa na Mkongomani Archip Lobo na Mmarekani Jonathan Shaw, na mwaka wa 2017 ikawasha Beni kwa mtandao mdogo wa umeme wa jua. Mwaka wa 2020 ikafungua kituo cha megawati 1.3 mjini Goma, upande wa Ndosho. Mwaka wa 2023 ikapata zaidi ya dola milioni 40 kutoka kwa wawekezaji.

Wengi wanaona milioni 40 na kusahau miaka sita iliyotangulia. Nuru ilianza na kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakinunua kwa bei mbaya: mwangaza. Mwenye kinu, mwenye saluni na mwenye friji ya kuuza fanta walikuwa wanachoma mafuta kwenye jenereta kila siku. Hawakuhitaji kufundishwa umuhimu wa umeme katika nchi ambayo ni takriban mtu mmoja kwa watano anayeupata. Wawekezaji walikuja baada ya wateja. Kweli pia, tuseme wazi, mwanzilishi anayejua kuzungumza na wenye pesa wa Marekani na Ulaya anafungua milango ambayo kijana wa Katindo hajui hata iko wapi. Ndiyo maana mfano wa Nuru unatia moyo lakini si rahisi kuurudia.

Kinshasa, Schoolap ya Guy-José Leta ilichukua njia nyingine: iliungana na Vodacom katika VodaEduc ili masomo yafike kwenye simu za wanafunzi. Tena, mteja mkubwa. Na jengo linalotembelewa na wageni wote, Silikin Village, limewekwa na kampuni ya Texaf kwenye kiwanja chake cha zamani cha viwanda vya nguo. Ni mahali pazuri, pana umeme, intaneti na meza. Kwa kijana wa Bukavu pana sura ya televisheni.

Mteja anaweza kutoka wapi hapa kwetu? Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ndogo ambazo makampuni makubwa ya binafsi yanawapa wengine zitengewe kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na ARSP ndiyo inayosimamia. Migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, makampuni ya simu na ya bia yanaguswa wote. Kila tunaposikia mazungumzo juu ya sheria hiyo, wanazungumzia malori, chakula cha wafanyakazi, usafi na ulinzi. Kwa nini si programu ya kuhesabu malori hayo? Kwa nini mfumo wa kusimamia wafanyakazi 3,000 ununuliwe Johannesburg wakati sheria ya nchi inatoa nafasi ya kwanza kwa Mkongomani? ARSP ikitenga orodha ya kazi za kidijitali na kuidai, itazifanyia statapu mengi kuliko zawadi za mwaka mzima.

Serikali yenyewe ni mteja pia, lakini hapa lazima tuwe waangalifu. Serikali inajulikana kwa kuchelewa kulipa, na deni la miezi minane ambalo mjenzi wa barabara analivumilia linaua kampuni ya watu watatu. Mkataba mdogo wa mji ama wa jimbo, wenye nusu ya pesa iliyolipwa mbele, una faida kuliko mkataba mkubwa wa wizara unaongoja sahihi.

Walivyofanya Tunis

Tunisia inatajwa sana tunapozungumzia sheria za statapu, na inafaa kuangalia kwa nini. Sheria yao ni ya Aprili 2018, na Oktoba mwaka uleule serikali ikatoa agizo la kuitekeleza. Leo kampuni zaidi ya 1,000 zimepata labeli. Kampuni lazima iwe na umri usiozidi miaka minane na wafanyakazi chini ya 100.

Lakini kilichofanya kazi si jina la labeli. Ni vitu vidogo vilivyofungwa ndani yake: mfanyakazi wa serikali ama wa kampuni anaweza kuchukua likizo ya mwaka mmoja kujaribu statapu yake na akarudi kazini ikishindikana, mwanzilishi anapata posho ya kuishi kwa muda, kampuni inaruhusiwa kuwa na akaunti ya pesa za kigeni ili ilipe seva na programu za nje. Ukizisoma utaona kwamba waliandika walijua maumivu yenyewe. Na ni kweli: wajasiriamali wa Tunis walikaa mezani wakati sheria inaandikwa. Jumuiya ilikuwepo kwanza, sheria ikaja kuiondolea vikwazo. Kwetu mpango ulikuwa kinyume: tulipata sheria, sasa tunatafuta jumuiya ya kuivaa.

Jumuiya hiyo inaanza kujengwa wapi? Maoni yetu ni kwamba inaanza na watu wachache wanaofanya kazi pamoja, na Kivu inao. ISIG na Chuo Kikuu cha Goma, UCB ya Bukavu, na vyuo vya Butembo vinatoa kila mwaka vijana wanaojua kuandika programu. Kazi zao za mwisho wa masomo zinashughulikia hospitali, shule na vyama vya kahawa vya hapa, halafu zinawekwa kabatini. Chama cha wakulima wa kahawa ama hospitali ya kanisa kikikubali kutumia kazi moja kati ya hizo kwa mwaka mmoja na kuilipia hata dola 50 kwa mwezi, tayari kuna mteja, kuna makosa ya kurekebisha, na kuna kitu cha kumwonyesha anayekuja baadaye. Pia wafanyabiashara wa FEC wanaolalamika kwamba vijana wetu wanakimbilia Kigali wanaweza kuanza kwa kununua kwao mfumo wa stoku.

Mwaka wa shule unaanza Septemba. Wakuu wa shule wanaamua namna ya kupokea malipo mwezi wa Julai na Agosti, wakati madarasa yametulia. Kampuni changa ambayo haijapata kuunganishwa na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kabla ya hapo itangojea miezi 12 mingine, labeli iwepo ama isiwepo.